Polikaboneti, poliesta au vinaili? Namna ya kuchagua filamu ya stika na paneli za mashine

"Fundi, nataka stika isiyobanduka wala kufutika."

"Ondoa shaka bosi, tutakuwekea polikaboneti."

Mazungumzo ya namna hii ni ya kila siku kwenye maduka ya uchapaji ya Kariakoo, na mteja huondoka ameridhika kwa sababu jina lenyewe linasikika kama dhamana. Baada ya miezi kadhaa kitufe cha kuwashia kimepasuka katikati, au kona za stika zimenyanyuka, au uso mzima umekuwa na ukungu kiasi kwamba namba hazisomeki. Mteja anaamini ametapeliwa. Mara nyingine kweli ametapeliwa: alipewa vinaili ya kawaida iliyofunikwa laminesheni. Lakini mara nyingi alipewa polikaboneti halisi, ila kazi yake haikuwa kazi ya polikaboneti.

Mkanganyiko huu una sababu zake. Hapa Dar es Salaam jina hilo watu wamelizoea kupitia vitu vingine kabisa: yale mapaa yanayopitisha mwanga kwenye baraza na maegesho ya magari, chupa kubwa za maji zinazogeuzwa kichwa chini maofisini, vioo vya helmeti za bodaboda. Vyote ni vigumu, vinapigwa na havivunjiki. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba stika yake ni ya polikaboneti, anaihamishia sifa zile zote, pamoja na nyingine ambazo plastiki hii haijawahi kuwa nazo.

Nataka kuufumua mkanganyiko huu taratibu, kwa sababu stika ya mashine si urembo. Kwenye mashine ya kusaga nafaka, jenereta ya ghorofa, kidhibiti cha pampu ya kisima au friji ya dawa, maandishi yale ndiyo yanayomwambia mtu mgeni mashine inazimwa wapi. Yakifutika, anayebaki anajua ni mwendeshaji wa zamani peke yake. Siku asipokuwepo, mwenzake anabonyeza kwa kubahatisha huku mkanda unazunguka hatua moja kutoka alipo. Huniuma kila ninapokuta paneli iliyoandikwa upya kwa maka peni.

Tuanze na majina

Filamu, kwa maana ya makala haya, ni plastiki nyembamba inayouzwa kwa roli au kwa shiti. Kwa kazi za paneli unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.125 na 0.5. Shiti ya kuezekea huwa na unene wa milimita kadhaa. Malighafi ni ile ile, bidhaa ni mbili tofauti, na anayekwambia atakukatia stika kutoka kwenye shiti ya paa hajui anachouza.

Stika, au lebo, ni filamu iliyochapwa na kuwekwa gundi nyuma ili ibebe taarifa: jina la mashine, namba yake, onyo, maelekezo. Uso wa paneli nao ni stika, ila una kazi zaidi. Unafunika mahali mtu anapogusa ili kuendesha mashine, una madirisha ya kuonyesha namba au taa, na mara nyingi una vitufe vya kubonyeza ambavyo chini yake kuna swichi nyembamba. Tofauti kati ya viwili hivi ni kubwa kuliko inavyoonekana: lebo husomwa tu, uso wa paneli huguswa, hubonyezwa na hufutwa kila siku.

Polikaboneti yenyewe ilipatikana mwaka 1953, tena mara mbili. Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani walifikia jibu lile lile mwaka huo huo, kila mmoja kwa njia yake. Ndiyo maana kuna majina mawili makubwa ya kibiashara, Makrolon na Lexan. Muuzaji akikwambia "hii si polikaboneti, hii ni Lexan", ujue anakutajia chapa, si daraja la juu zaidi.

Poliesta ni plastiki ya jamii moja na chupa za soda. Inapofanywa filamu huvutwa kiwandani kwa urefu na kwa upana mpaka inakuwa ngumu kuvutika na ngumu kuchoka. Vinaili ni PVC, ile laini inayobandikwa kwenye daladala, bajaji na vioo vya maduka. Hizi tatu ndizo utakazokutana nazo, na karibu ubishi wote wa madukani ni kuchanganya sifa za moja na za nyingine.

Kwa nini polikaboneti inapendwa

Sifa yake kubwa kwa mchapaji ni kwamba inapitisha mwanga vizuri sana, takriban asilimia 88. Umuhimu wake unaonekana ukielewa paneli nzuri inavyochapwa. Wino hauwekwi juu. Huchapwa nyuma ya filamu, maandishi yakiwa yamegeuzwa kulia kwenda kushoto, ili mtu ayasome kupitia plastiki yenyewe. Ni sawa na picha ya harusi ndani ya fremu: unafuta kioo kila wiki, na picha haijawahi kuguswa. Maandishi madogo hutangulia, rangi ya mandhari hufuata juu yake, kisha tabaka la kuzuia mwanga, na mwisho kabisa gundi. Mwendeshaji anaposugua paneli, anasugua plastiki tu. Ili wino ufutike, lazima kwanza aimalize filamu.

Hapa pana jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi. Ukichapa juu ya filamu kwa mbele, hata filamu iwe ya gharama kiasi gani, uimara wa stika yako ni uimara wa wino. Nimeona polikaboneti nzuri kabisa ikiwa imechapwa mbele kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mashine ya duka, na baada ya muda mfupi kubaki plastiki safi isiyo na neno. Kabla ya kuuliza aina ya filamu, uliza: mnachapa mbele au nyuma?

Polikaboneti pia hupokea wino bila kuhitaji kuandaliwa uso. Wino wa skrini unaofaa, yaani ule unaochapwa kwa kupitishwa kwenye wavu, huilainisha kidogo na kujishika ndani yake. Poliesta huwa inahitaji kupakwa kiandaa uso kiwandani, la sivyo wino hutoka kwa ukucha. Polikaboneti hukatika vizuri kwa kisu cha umbo, kingo zikabaki safi, na ukiipasha moto huchukua umbo unalotaka. Joto nalo haliisumbui sana: hulainika kwenye nyuzi joto karibu 147 za Selsiasi, wakati vinaili huanza kulegea karibu na 80. Kwa vifaa vya umeme zipo aina zilizotiwa kizuia moto, zinazopimwa kwa UL 94, kiwango cha kupima plastiki inavyoshika moto. Ukitengeneza kabati za umeme au vidhibiti vya pampu kwa ajili ya kuuza, omba karatasi ya vipimo yenye alama hiyo, usikubali neno la mdomo.

Mahali inaposhindwa

Sasa tuje kwenye sifa ambazo watu huipa bila kuwa nazo.

Ya kwanza ni kwamba haikwaruziki. CD na DVD, zile zilizojaa mjini kabla ya flashi, zimetengenezwa kwa polikaboneti, unene wa milimita 1.2. Kila aliyewahi kutazama sinema ikaganda katikati kwa sababu ya mikwaruzo anajua ukweli wa jambo hili. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika lakini laini kukwaruzika. Pespeksi, ile plastiki angavu ya akriliki, ni kinyume chake: uso wake ni mgumu zaidi, ila ukiigonga hupasuka. Watu huunganisha mambo haya mawili kuwa jambo moja liitwalo "ugumu", na hapo ndipo maamuzi yanapoharibika. Kwa paneli inayoguswa na mikono yenye vumbi la saruji au unga, omba polikaboneti iliyopakwa tabaka gumu usoni. Gharama yake iko juu zaidi. Tabaka hilo lina sharti lake: nyingi kati ya aina hizo hazipendi kubinuliwa kuwa vitufe, kwani tabaka hupasuka pale filamu inapokunjika.

Kuhusu risasi, ni kweli vioo vya kuzuia risasi hutumia polikaboneti, lakini ni tabaka nene zilizopangwa pamoja na kioo. Filamu ya robo milimita haina uhusiano wowote na habari hiyo.

Ya pili ni kwamba haipauki. Tazama taa za mbele za magari yaliyotumika yanayotoka Japani. Lenzi zake ni za polikaboneti, na zilitoka kiwandani zikiwa na tabaka la kuzikinga. Tabaka hilo likiisha, lenzi hugeuka njano na kuwa na ukungu, na ndipo tunawaona vijana wakizisugua kwa msasa na dawa ya meno pembezoni mwa barabara. Kinachofanya hivyo ni miale ya urujuanimno ya jua, na mji wetu unaipata kwa wingi kuliko nchi nyingi zinakotengenezwa filamu hizi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena Oktoba, na hata katikati ya mwaka halishuki sana. Polikaboneti ya kawaida, isiyo na kinga ya miale hiyo, ni filamu ya ndani ya nyumba. Ikiwekwa kwenye kidhibiti cha pampu ya sola juani Kimara au Kigamboni, itageuka njano. Zipo aina zenye kinga kwa ajili ya nje, na tofauti haionekani kwa macho zikiwa mpya, kwa hiyo lazima iulizwe na iandikwe kwenye oda.

Wino nao unapauka. Kwa wino wa kawaida nyekundu na njano ndizo huwahi kufa, na hizo ndizo rangi tunazotumia kwa maonyo. Kwa stika za nje uliza kama wino umetengenezwa kwa ajili ya jua, na kama mchapaji hajui, chapa maneno ya onyo kwa nyeusi juu ya mandhari ya rangi ili hata mandhari ikififia neno libaki.

Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoua paneli nyingi zaidi mjini hapa, ni usafi. Mtu akinijia na kazi ya paneli, swali langu la kwanza si la rangi. Namuuliza: nani atakuwa anaisafisha, na ataisafisha kwa kitu gani? Wengi hawajawahi kujiuliza. Wanadhani paneli itafutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kama wanavyofuta meza ya ofisini. Nenda karakana za Gerezani jioni uone: kitambaa kinachovywa kwenye petroli, au thina iliyobaki baada ya kupaka rangi. Ndivyo mafundi wanavyoondoa grisi mikononi, na ndivyo wanavyoondoa grisi kwenye mashine.

Polikaboneti haiwezi kuvumilia hayo. Asetoni, thina, petroli, na dawa nyingi za kutolea rangi huishambulia. Kostiki nayo huila, na amonia vilevile, pamoja na baadhi ya dawa za kusafishia vioo zenye amonia ndani yake. Tena mashambulizi yenyewe ni ya hila. Filamu haiyeyuki mbele ya macho yako. Kila mahali ilipokatwa, ilipotobolewa au ilipokunjwa, hubaki na mkazo ndani yake. Kemikali inapofika pale penye mkazo, plastiki hufunguka nyufa nyembamba, na nyufa hukua polepole hata baada ya kemikali kukauka. Ndiyo sababu mipasuko huanzia kwenye tundu la skrubu, kwenye kona kali ya dirisha, au pembeni mwa kitufe, na ndiyo sababu mwenye paneli hukwambia "imepasuka yenyewe, hakuna aliyeigusa".

Kwa hiyo mchoro wa paneli ya polikaboneti hauna kona kali ndani yake. Kila dirisha, kila tundu, kona ziwe za mviringo. Usafi uwe wa sabuni laini na maji. Spiriti inayopitishwa haraka kwa kitambaa kwa kawaida haidhuru, na wengi wenye vifaa vya hospitali hufanya hivyo. Lakini kama unajua kabisa kwamba mahali pale petroli itafika, kama vile kwenye pampu ya mafuta, gereji, au mashine ya boti pale Feri, acha polikaboneti. Hakuna maelekezo ya usafi yatakayomshinda fundi mwenye haraka na kitambaa chake.

Ya nne ni kubonyezwa. Kitufe kilichobinuliwa kwenye filamu hukunjika na kurudi kila kinapobonyezwa, pale pale, kwenye mstari ule ule. Polikaboneti huchoka kwa mkunjo wa kurudiarudia. Poliesta huvumilia mibonyezo milioni moja na zaidi, wakati polikaboneti huanza kupasuka mapema zaidi ya hapo. Chukua mashine inayobonyezwa mara mia tano kwa siku, jambo ambalo ni la kawaida kwa mizani ya sokoni au kioski cha maji: kwa mwaka ni zaidi ya mibonyezo laki moja na themanini elfu, na mingi huangukia vitufe viwili au vitatu tu. Ukiona paneli ambayo kitufe cha kuanzia kimepasuka na vingine vyote ni vizima, umeona filamu isiyo sahihi, si kiwanda kibovu.

Poliesta na vinaili, kwa haki zao

Kutokana na hayo, kanuni yangu ni fupi. Kwenye vitufe vya kubonyezwa kutwa, au mahali penye mafuta na thina, chagua poliesta iliyopakwa tabaka gumu na iliyoandaliwa kupokea wino. Kwenye paneli ya ndani yenye maandishi, madirisha na taa, inayosafishwa kwa ustaarabu, polikaboneti itakupa sura nzuri zaidi na kazi rahisi zaidi ya kuchapa na kukata. Kwenye stika za gari, mitungi na mahali palipopinda, tumia vinaili, kwa sababu filamu hizi mbili nyingine hazipendi kupinda pande mbili kwa wakati mmoja na zitanyanyuka tu. Lakini vinaili nayo ina daraja mbili: ya kumiminwa, ambayo hukaa ilipowekwa, na ya kukandamizwa kwa rola, ambayo bei yake ni nafuu zaidi lakini hujikunyata juani na kuacha mstari wa gundi chafu pembeni. Kwa kazi ya muda mrefu ya nje, lipia ya kumiminwa.

Poliesta ina udhaifu wake: si rahisi kuipa umbo la kina, na poliesta ya kawaida nayo inahitaji kinga ikikaa juani. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimembadilishia jina moja la dhamana kwa jingine.

Unene, na uso

"Weka nene ndiyo ikae" ni ushauri unaosikika sana, na mara nyingi una madhara. Filamu nene ni ngumu kubonyeza, inang'ang'ania kunyooka pale inapotakiwa kulala, na kingo zake hunaswa na kitambaa. Kwa lebo ya kusomwa tu, milimita 0.125 hadi 0.175 inatosha. Kwa uso wa paneli wenye vitufe au madirisha, 0.175 hadi 0.25 ndiyo kawaida. Unene wa 0.375 au 0.5 una maana pale filamu inapofunika matundu makubwa ya kasha, kwa sababu filamu nyembamba huzama ndani ya tundu baada ya muda na kuonyesha umbo lake.

Uso nao huchaguliwa. Unaong'aa huonyesha namba kwa ukali, lakini pia huonyesha kila alama ya kidole na humulika taa usoni mwa mwendeshaji. Uso wenye chembechembe laini huficha mikwaruzo na kupunguza mng'ao, ila ukiwa juu ya kioo cha namba huzifanya zionekane kwa ukungu. Suluhisho la wachapaji ni kuchukua filamu yenye uso laini usiong'aa, kisha kupaka vanishi angavu mahali pa dirisha peke yake. Mchapaji wako akielewa unachosema hapo, uko mikono salama.

Chuma, joto na gundi

Kona zinazonyanyuka hulaumiwa gundi, na mara nyingine gundi haina kosa. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Tuhesabu: paneli ya polikaboneti yenye urefu wa milimita 300, imebandikwa kwenye kasha la alumini, asubuhi ina nyuzi 25 na mchana juani kasha limefika 65. Polikaboneti itatanuka karibu milimita 0.84, alumini karibu 0.28. Tofauti ni zaidi ya nusu milimita, kila siku, kwenda na kurudi, na gundi ndiyo inayobeba mvutano wote huo. Filamu ya poliesta hutanuka kidogo sana, karibu na alumini yenyewe, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda kwa makasha marefu ya chuma yanayokaa juani.

Kwa gundi, uliza unene wake na uangalie unapobandika. Gundi za akriliki zinazotumika sana kwa kazi hizi, kama vile 467MP ya 3M, zina unene wa takriban milimita 0.05 na zinafaa uso laini. Ndugu yake 468MP ina takriban 0.13, na ndiyo inayoweza kujaza mabonde ya kasha lililopakwa rangi ya unga yenye vinundu. Makasha ya polipropilini na polithini ni habari nyingine: karibu kila gundi huyakataa, na lazima utafute ile iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Kubandika kwenyewe huharibiwa kwa haraka. Futa uso kwa mchanganyiko wa nusu alkoholi ya isopropili na nusu maji, si kwa mafuta ya taa, maana hayo huacha utando ambao gundi haiushiki. Acha ukauke kabisa. Bandika kutoka upande mmoja huku ukikandamiza kwa rola, bila kuivuta filamu, kwani filamu iliyovutwa itataka kurudi. Kisha iache. Gundi ya akriliki hufikia nguvu yake kamili baada ya takriban saa 72, na mashine inayotumwa kwa mteja jioni ile ile, ikafutwa kwa maji asubuhi yake, imeibiwa siku zake tatu. Huku kwetu ongeza hewa ya chumvi: chuma kisichopakwa rangi vizuri hupata kutu chini ya kingo za stika, na kutu hiyo hunyanyua gundi yoyote.

Ukibandika stika juu ya kasha la polikaboneti yenyewe, usishangae kuona viputo siku chache baadaye. Plastiki hii hunyonya unyevu kidogo, na ikipata joto huutoa pamoja na gesi nyingine, ambavyo hunaswa chini ya stika. Kukausha kasha kwa joto kabla ya kubandika hupunguza tatizo hilo.

Hofu mbili za pembeni

Wapo wanaouliza kama plastiki hii haikupigwa marufuku. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea, si filamu za stika wala paneli. Wengine wamesikia kuhusu BPA, kemikali inayotumika kutengeneza polikaboneti, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Mjadala ule ni wa vyombo vya chakula na vinywaji. Paneli ya jenereta hainywewi chai. Lakini mabaki ya kukata yasichomwe uani, hasa ya vinaili, ambayo moshi wake una asidi kali ya hidrokloriki.

Kabla ya kulipa

Kama unataka kujua umepewa filamu gani, omba kipande chakavu. Weka tone la asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ukihakikisha chupa imeandikwa asetoni, subiri dakika moja kisha futa. Polikaboneti hubaki na doa jeupe lenye ukungu. Filamu ya poliesta haibadiliki. Vinaili hulainika na kunata. Kama kipande kina tabaka gumu upande mmoja, jaribu upande wa pili, kwa sababu tabaka huikinga.

Kwa wino, chukua wembe ukwaruze mistari midogo ya kukatizana upande uliochapwa, bandika selotepu, ikandamize, ivute kwa ghafla. Wino ukitoka na selotepu, kazi irudi, hata kama rangi ni nzuri. Wino wa kidijitali unaokaushwa kwa mwanga huwa mkavu na mgumu, kwa hiyo ukunje kipande na uangalie kama unachanika. Wino wa skrini wenye kimiminika kikali nao ukiharakishwa kukauka huacha mabaki yanayoifanya polikaboneti iwe tete.

Halafu andika oda yako kwa maneno haya, usiandike "stika ya polikaboneti" peke yake: aina ya filamu na unene wake, ina tabaka gumu au hapana, ina kinga ya jua au hapana, uso unaong'aa au usiong'aa, imechapwa nyuma, gundi ya unene gani, inabandikwa kwenye kitu gani, na inafutwa kwa nini. Mchapaji akishindwa kujibu nusu ya maswali hayo, mpe kazi ya vipeperushi na umtafute mwingine kwa paneli. Kabla hujaagiza mamia, mwambie akutolee kipande kimoja kamili, kibandike kwenye mashine inayofanya kazi, uwaache watu wako waifute kwa kitambaa chao cha kila siku kwa wiki mbili, ndipo ulipie zilizobaki.